Kwa Maneno Yake Mwenyewe

Neno "mwenyewe" lina pande mbili katika Kiswahili. Upande mmoja ni nafsi: kaja mwenyewe, kasema mwenyewe. Upande wa pili ni milki: shamba lina mwenyewe, chombo kina mwenyewe, na mbuzi akiingia katika ua wa watu huulizwa mwenyewe ni nani. Katika pwani ya karne ya 19 pande hizo mbili zilikuwa mbali sana, kwani palikuwa na watu maelfu kwa maelfu ambao mwenyewe wao alikuwa mtu mwingine. Mmoja wa watu hao alitekwa utotoni kando ya mto Niger, akauzwa jangwani, na baada ya maisha marefu akaandika habari zake kijijini Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika mkoa ambao leo huitwa Katavi. Jina lake ni Adrian Atiman.

Habari hizo zilichapwa kwa Kiingereza mwaka 1946, katika toleo la 21 la Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1936 na kusomwa zaidi na maofisa wa serikali, wamisionari na wapenzi wa mambo ya kale. Kichwa chake kilikuwa kifupi mno: jina la mwandishi, kisha tamko kwamba anayesema ni mwenyewe. Msomaji wa visiwani atakumbuka kitabu kingine chenye tamko kama hilo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, naye Brode akayageuza katika herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Nayo yakaitwa maisha yake kwa maneno yake mwenyewe.

Maandishi mawili haya hayajazoea kukaa rafu moja. La kwanza, yaani la Tippu Tip, husomwa na kila anayetaka kuijua nathari ya Kiswahili cha zamani. Wanafunzi hulidurusu kwa ajili ya lugha, wanahistoria kwa ajili ya habari, na wazee wa Mji Mkongwe kwa ajili ya nasaba. La pili limebaki katika jarida, nalo huguswa zaidi na wanaotafuta habari za misheni. Hata hivyo walioyaandika walikuwa watu wa zama moja na ziwa moja. Tippu Tip alizaliwa Zanzibar yapata mwaka 1837, akalivuka Tanganyika mara nyingi akiwa na bunduki na pembe za ndovu, na akarudi kwao mara ya mwisho mwaka 1891 akitokea Kongo. Mwaka huo Atiman alikwisha kuwa na miaka miwili Karema. Mmoja alikuwa bwana wa misafara, na mwengine alikuwa amewahi kuwa bidhaa katika msafara, ijapokuwa msafara wake ulipita Sahara wala haukupita Bagamoyo.

Atiman alizaliwa Tundurma, karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Mwaka wake wa kuzaliwa hukisiwa tu, na wengi huuweka karibu na 1866. Alikuwa bado mtoto mdogo Watuareg walipomkamata, wakamvusha jangwa kwa ngamia kuelekea kaskazini, hadi nchi ya Aljeria. Huko alinunuliwa na Wamisionari wa Afrika, ambao kwa sababu ya kanzu zao wamejulikana kwa jina la Mapadri Weupe. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa kadinali.

Hapa mfasiri yeyote hana budi kusita. Maandishi ya misheni husema kwamba watoto kama Atiman "walikombolewa". Neno ni zuri, na nia ya waliolitumia haina haja ya kutiliwa shaka. Lakini fedha zilitoka mkononi, zikaingia mkononi, na mtoto akaondoka na aliyelipa. Katika soko hilo kununua na kukomboa kulikuwa na bei moja. Kiswahili hulitumia neno kukomboa katika mambo ya rehani. Mtu huweka mkufu kwa mwenye duka, akipata fedha huukomboa, nao hurudi shingoni ulikotoka. Mtoto wa Tundurma hakurudishwa Tundurma. Alipelekwa shule, akabatizwa, akapewa jina la Adrian, na njia yake ikazidi kwenda mbali na kwao. Hilo halifuti wema aliotendewa, wala wema huo haulifuti hilo.

Lavigerie alikuwa na wazo ambalo kwa zama zake lilikuwa la ajabu. Aliwaona vijana wa Ulaya wakifa kwa homa mara wakanyagapo bara, naye akataka Waafrika wafundishwe utabibu wa kizungu, kisha warudishwe Afrika wakiwa matabibu na makatekista kwa pamoja, watu wa kutibu mwili na kufundisha dini. Mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, na vijana wake wakasoma tiba katika chuo kikuu cha kisiwa hicho. Atiman alikuwa miongoni mwao, akamaliza mwaka 1888.

Inafaa kukikumbuka kisiwa hicho kidogo zaidi ya msomaji anavyotarajia. Malta husema lugha yenye asili ya Kiarabu, nayo huandikwa kwa herufi za Kilatini. Kijana aliyetoka Niger, akapita katika Kiarabu cha Aljeria na Kifaransa cha mapadri, akawekwa miongoni mwa watu wa dini yake mpya ambao hata jina la Mungu hulitamka kwa neno lenye asili ya Kiarabu. Baada ya hapo alikuwa aje katika lugha nyingine ya visiwa na pwani, ambayo katika kizazi hicho hicho ilikuwa ikianza kuziacha herufi za Kiarabu na kuvaa za Kilatini. Kama angelikuwa mwanaisimu, njia yake peke yake ingelitosha kuwa kitabu.

Mwaka 1888, mwaka ambao Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, Atiman alipanda meli kuja Zanzibar. Ni mwaka huo huo ambapo Bushiri bin Salim aliwasha vita dhidi ya Wajerumani pwani ya Mrima. Kijana akaingia bara katika msafara wa wapagazi, kwa njia ya Tabora, ile njia iliyokuwa imechongwa na nyayo za waliofungwa minyororo wakishuka pwani. Yeye aliipanda. Mwaka 1889 alifika Karema, na Karema ndiko alikokaa mpaka kufa kwake mwaka 1956. Miaka 67 mahali pamoja, kwa mtu ambaye miaka yake ishirini na kitu ya mwanzo ilikuwa yote ni safari.

Karema yenyewe ilikuwa mahali pa ajabu kabla ya yeye kufika. Ni nchi ya Wabende. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga hapo kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ile ambayo mfalme Leopold wa Pili aliitumia kama pazia mbele ya tamaa zake za Kongo. Kituo kilijengwa karibu na maji, lakini maji hayakukaa. Miaka hiyo hiyo mto Lukuga, ng'ambo ya ziwa, ulifunguka na kuyanywa maji ya Tanganyika kuyapeleka Kongo, na ufuko ukazidi kurudi nyuma mwaka hadi mwaka, hata ngome iliyojengwa kwa ajili ya bandari ikabaki ikilitazama ziwa kwa mbali.

Mfalme huyo huyo ndiye aliyegharimia kisa cha tembo wa Bara Hindi, kisa ambacho watu wa Mpanda wangestahili kukisimulia zaidi kuliko wanavyokisimulia. Mwaka 1879 tembo wanne waliofugwa waliteremshwa karibu na Dar es Salaam pamoja na waendeshaji wao, ili waje Karema kuonyesha kwamba tembo wanaweza kuchukua mizigo badala ya wapagazi. Tembo waliletwa kwa merikebu kutoka Bombay kwenye nchi iliyokuwa ikijaa tembo, na ambayo watu wake walikuwa wakiuawa na kuuzwa kwa sababu ya meno ya tembo. Walikufa mmoja baada ya mwengine. Kiongozi wa safari, Frederick Carter, aliuawa Mpimbwe mwezi Juni 1880 pamoja na mwenzake Cadenhead katika vita visivyowahusu. Leo sehemu ya nchi hiyo ni hifadhi ya taifa ya Katavi, na tembo waliomo ni wa hapo hapo.

Wabelgiji walichoka na Karema. Nia yao ilikuwa ng'ambo, na mwaka 1885 Leopold aliikabidhi kwa Lavigerie. Misheni ikarithi ngome pamoja na vita vyake. Kwa miaka kadhaa kijiji kiliishi kwa kulindana: watoto waliokombolewa, wakimbizi wa misafara, wanawake waliotoroka mabwana, Wabende wenye nchi, mapadri Wafaransa. Makabila yalikuwa mengi, na ulimi uliowaunganisha ulikuwa Kiswahili. Jambo hili huwapendeza watu wa pwani wanapolisikia, lakini lina uchungu wake. Kiswahili hakikufika Karema kwa mashairi. Kilifika na misafara, na mtoto wa Marungu au wa Itabwa alikijifunza kwanza mdomoni mwa aliyemfunga, kisha akakitumia kusalia, kuchumbia na kubembelezea wanawe. Lugha haichagui mlango wa kuingilia.

Katika kijiji hicho Atiman alioa mwaka wa kufika kwake. Mkewe, Agnes Wansahira, alikuwa wa ukoo wa watawala wa Kibende. Ndoa hiyo ina mengi ya kufikiriwa. Kwa mila za bara, mtu asiye na ukoo ni kama asiye na kivuli. Mtumwa ni mtumwa kwanza kwa kuwa hana wa kumdai, hana mjomba, hana shangazi, hana kaburi la babu. Mgeni wa Niger alimwoa binti wa wenye nchi, na kwa tendo hilo akapata mashemeji, akapata wa kumtania na wa kumlilia. Mwana wao Joseph akawa padre mwaka 1923. Hivyo mtu aliyekatwa na nasaba yake akiwa mtoto alianza nasaba nyingine katika Ubende, na jina la Atiman, lililotoka ukingo wa Sahara, likawa jina la Tanganyika.

Kazi yake ilikuwa utabibu. Zilikuwa zama za ndui, za malale yaliyoteketeza vijiji vya ufukoni mwanzoni mwa karne ya 20, za majeraha ya wanyama na ya watu. Alipasua na kushona, tena hakuudharau utabibu wa wenyeji. Alizichunguza dawa za miti na kuzitumia pale alipoona zina nguvu. Ukimtoa yeye na wenzake wachache waliosoma Malta, ilipita miaka mingi kabla Tanganyika haijamwona Mwafrika mwengine mwenye elimu ya tiba ya namna hiyo. Aliikuta nchi ikiwa mikononi mwa watemi, akawaona Wajerumani wakija, akaviona vita vya kwanza vya dunia vikipiganwa hata juu ya maji ya ziwa mwaka 1915 na 1916, akawaona Waingereza, na alipofariki TANU ilikuwa na umri wa miaka miwili. Nishani za Kanisa na za serikali alizipata, kama wapatavyo wazee waliodumu.

Lakini nishani hutolewa na wengine. Kilichotoka kwake ni yale maandishi ya uzeeni.

Hakuwa wa kwanza miongoni mwa waliotoka utumwani kushika kalamu katika nchi hizi. Kwenye skuli ya Kiungani, Unguja, wavulana waliotolewa katika majahazi ya watumwa waliandika habari za kwao na za kutekwa kwao, naye mwalimu wao A. C. Madan akazikusanya na kuzitoa London mwaka 1887. Waliandika kwa Kiswahili. Kitabu kikatoka kwa Kiingereza. Msomaji wa leo hupewa maana ya maneno yao lakini hapewi maneno yao, na majina yao hayakutiwa. Kwa mtu anayeipenda lugha, hasara hiyo ni kubwa kuliko kuungua kwa diwani. Kiswahili cha watoto wa Kiyao, Kinyasa na Kibemba, katika miaka ya 1880, kikiandikwa na mikono yao wenyewe kuhusu jambo zito kuliko yote waliyoyaona, kilitumiwa kama ngazi, na baada ya kupandia ngazi ikawekwa kando.

Jacob Wainwright yeye aliandika kwa Kiingereza. Alikuwa Myao, akakombolewa baharini, akapelekwa skuli ya Nasik katika Bara Hindi, akarudi Afrika akawa miongoni mwa waliotumwa kumfuata David Livingstone mwaka 1872. Mwezi Agosti mwaka huo kundi lilitoka Tabora, likapita Ukonongo hadi Tanganyika, yaani katika nchi za Katavi ya leo. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, ni Wainwright aliyechonga maandishi kwenye mti, na ni yeye aliyeandika daftari la siku kwa siku la safari ile ya kuchukua maiti, wakizipita nchi za mashariki ya ziwa hadi Tabora na kushuka Bagamoyo. Daftari lilitafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1874, kisha kwa muda mrefu likasahauliwa. Mwaka 2019 maandishi yake ya mkono yakawekwa kwenye intaneti ili yasomwe na yeyote. Yeye mwenyewe, baada ya kushika jeneza katika Kanisa la Westminster, alirudi Afrika Mashariki akafa Urambo mwaka 1892. Kutoka Tabora, aliyopita Atiman, hadi Urambo ni kiasi cha kilomita 90 tu. Wote wawili walikuwa watoto walionunuliwa au kukamatwa, wote wawili walisomeshwa ng'ambo ya bahari, wote wawili waliandika, na kwa miaka mitatu walikaa upande ule mmoja wa bara.

Kuna wengine. Selemani bin Mwenye Chande, mfanyabiashara wa pwani, aliandika safari yake ya bara, nayo Carl Velten akaitia katika mkusanyo wa safari za Waswahili mwaka 1901. Hapo msomaji huona njia za Tanganyika kwa jicho la anayekwenda kununua. James Juma Mbotela wa Freretown alisimulia habari za wazee wake katika Uhuru wa Watumwa, mwaka 1934, kwa Kiswahili tangu mwanzo, na kitabu chake kimeishi kwa sababu hiyo. Bibi Salme binti Said alikwisha kuwatangulia karibu wote alipotoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, akiwa mjane katika nchi ya baridi. Binti wa Sultani naye alikuwa amekatwa na ukoo wake, ingawa kwa njia nyingine kabisa. Wanaopenda kusema kwamba tawasifu ya Afrika Mashariki ilianza na Shaaban Robert na Maisha Yangu ya mwaka 1949 hawakosei sana kuhusu sanaa yake, lakini wanakosea kuhusu kalenda. Miaka mitatu kabla ya hapo, kwenye pembe ya pili ya Tanganyika, mzee wa miaka yapata themanini alikwisha kusema yake.

Swali gumu ni kwa nini maandishi ya Atiman hayakuingia katika nyumba ya fasihi ya Kiswahili. Jibu jepesi ni lugha: shule yake ilikuwa ya Kifaransa, chapa yake ya Kiingereza. Jibu hilo halitoshi. Bibi Salme aliandika Kijerumani naye huitwa wetu, hutafsiriwa, hunukuliwa, na watalii huonyeshwa magofu ya nyumba aliyozaliwa. Tippu Tip alichapwa Berlin naye huitwa wetu bila ya kuulizwa. Huenda jibu la kweli linauma zaidi. Ukimkaribisha tabibu wa Karema katika baraza moja na bwana wa misafara, baraza hubadilika. Habari za Tippu Tip husomwa kwa ladha yake, kwa ushujaa, kwa werevu wa mfanyabiashara anayehesabu fasila za pembe. Watu aliowauza hupita nyuma ya sentensi bila ya majina. Mbele ya Atiman mmoja wao anageuka, ana uso, ana shahada ya tiba, na anakaa kitako kusimulia. Si yule yule aliyeuzwa na Tippu Tip, wala hakuuzwa na mtu wa pwani. Lakini msomaji wa pwani hatashindwa kuuona mfano.

Zipo sauti zitakazosema kwamba haya ni mambo ya Kanisa, na kwamba misheni iliyahifadhi kwa kujisifu. Ni kweli kwamba iliyahifadhi, na ni kweli kwamba ilijisifu. Mapadri walihitaji mfano wa mtumwa aliyekuwa tabibu, kama Brode alivyohitaji mfano wa Mwarabu wa bara kwa ajili ya wasomaji wa Berlin. Hakuna hata mmoja kati ya wawili hao aliyeandika pasipo kuombwa au kutiwa moyo na Mzungu, na hakuna aliyechapwa pasipo kupita mikononi mwa mwengine. Ikiwa hilo linaharibu neno "mwenyewe" katika kichwa cha mmoja, linaliharibu katika vyote viwili. Ikiwa halimharibii Tippu Tip, halina haki ya kumharibia Atiman.

Tena Karema si mahali pa mwisho katika nchi hiyo ambapo watu wa mbali walitakiwa kusema walivyofika. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, maelfu ya Wahutu walivuka mpaka, na katika wilaya ya Mpanda ya wakati huo vikafunguliwa vijiji vikubwa vya Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Mwaka 1985 na 1986 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliwasikiliza watu wa Mishamo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995. Alilolikuta linastahili kuwekwa karibu na Atiman. Watu wa Mishamo hawakumweleza kila mmoja maisha yake peke yake. Walimsimulia historia moja ya wote, kana kwamba kila mdomo ulikuwa ukurasa wa kitabu kile kile. Wale waliojichanganya katika mji wa Kigoma walifanya kinyume: walitaka kuwa watu wa kawaida, wenye biashara na majirani, wala hawakupenda kuitwa wakimbizi. Mmoja husema "sisi" kwa kuwa ndilo lililobaki kwake, mwengine hunyamaza ili aishi. Atiman alichagua njia ya tatu, naye alikuwa na miaka zaidi ya hamsini ya kuifikiria.

Serikali ya Tanzania ilitangaza mwaka 2014 kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000 miongoni mwa hao wa mwaka 1972 na wazao wao. Watoto wa Katumba na Mishamo wamesoma shule kwa Kiswahili, na masimulizi ya wazazi wao, yaliyotamkwa kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, yamehifadhiwa kwa Kiingereza. Mkoa wenyewe umezaliwa juzi tu, ukikatwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ukapewa jina la Katabi, mzimu ambao kwa imani za Wabende hukaa katika mkwaju kando ya ziwa dogo, na wapitao humwachia sadaka.

Reli ilifika Mpanda mwishoni mwa miaka ya 1940, ikitoka Kaliua kilomita 210, kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, garimoshi likabaki. Haikufika Karema. Kwa muda mrefu kijiji cha tabibu kilikuwa mwisho wa barabara, mpaka bandari mpya ilipokamilika hapo mwaka 2022, ikielekea ng'ambo ya Kongo. Upande wa pili ni Kalemie, na jirani yake ni Mtowa, ambako mitumbwi ya misafara ya pwani ilikuwa ikitia nanga. Wachukuzi wa bandari hizo mbili husemezana kwa Kiswahili, kila upande kwa lafudhi yake.